Namba ya Viti

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mwanangu Eric amekuja kutoka Kisumu na ameshinda na simu zetu mezani mpaka chai yake ikapoa nikapasha, ikapoa tena. Sasa namba ya viti vyetu vya kukodisha inalia kwa simu tatu. Yangu hapa Masimba, ya binti yangu Linet kule Nyanchwa, na ya shemeji yangu Gibson kwenye pikapu. Namba ni ile ile tu. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana iko mgongoni mwa kila kiti na kwenye ukuta wa stoo, na kwenye tenti pia. Nani angefuta viti vyote hivyo?

Nilimuuliza simu ya mteja itajuaje iende kwa nani. Akasema haichagui, Mama, inakuja kwa wote. Anayepokea kwanza ndiye anaongea, zingine zinanyamaza. Nikauliza, na tukipokea pamoja? Akacheka. Akasema kuna mmoja tu atashinda, kama watoto wakigombania ukoko. Hapo nikaelewa.

Ni Linet aliyetaka jambo hili. Mwezi uliopita tulipoteza harusi na matanga kwa sababu mimi nilikuwa shambani na simu iko ndani inalia peke yake. Linet aliteta sana. Alisema biashara haiwezi kukaa kwenye mfuko wa aproni ya mtu mmoja. Ni kweli. Tangu achukue viti vya upande wa mjini tumepata watu ambao mimi nisingewafikia, watu wa ofisi, watu wa kutaka vitambaa vyeupe juu ya kila kiti.

Naogopa kidogo. Lakini nimefurahi kuwaona wote wawili kwenye meza yangu wakibishana. Linet bado anampiga Eric kofi la kisogo, na Eric sasa ni mtu mzima mwenye ndevu!

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ililia nikikamua. Nikakimbia na mikono ya maziwa. Nilipofika ikanyamaza — Linet amechukua kule. Nilisimama pale nikiitazama simu kama mtu aliyefika kanisani wenzake wakitoka.

Lakini pia kuna raha. Mteja amepata viti na mimi nimerudi kwa ng'ombe.

Baba Linet amekataa kuwekewa. Anasema simu yake ni ya kuangalia saa.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Kicheko leo. Orpah wa kanisani kwetu anaoza mtoto wake na anataka tenti. Alinipigia, nikamwambia tenti na viti ni bei hii, na maua ya kupamba ni pembeni. Akasema sawa, atafikiria. Kumbe kufikiria ni kukata na kupiga tena. Akampata Linet. Linet akamwambia maneno yale yale. Akakata, akapiga tena, sasa akampata Gibson akiwa njiani anaelekea Nyamira, na Gibson haulizi, akasema hakuna shida mama, maua mtapata bure.

Jioni Orpah akaja hapa akinyoosha shingo, ati mwanamume wa kampuni amekubali. Kampuni! Linet akampigia Gibson akamuuliza tangu lini yeye ana maua. Gibson akasema alidhani ni yale ya kwenye ua wangu, yale mekundu, angekata tu na panga asubuhi.

Tumeweka sheria. Aliyeanza na mteja ndiye anamaliza naye.

Orpah pia amesema alidhani ameongea na mimi mara mbili. Sauti ya Linet na yangu ni moja. Watu wamesema hivyo tangu akiwa msichana. Baba yake mwenyewe humjibu Linet akidhani ni mimi nimeita.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimekaa stooni juu ya tenti iliyokunjwa. Mlango nimefunga. Acha niandike, kwa sababu hakuna mtu naweza kumwambia.

Mchana nilikuwa nakula ndizi za kuchemsha. Mdomo umejaa. Simu ikalia nikabonyeza bila kutazama, na kwa sababu ya ndizi nikasema "Ehe" tu.

Mwanamume akasema, "Ulikatika, mpenzi."

Nikajua ni mtu amekosea namba. Halafu akaendelea, na nikamjua. Oketch. Mume wa Linet!

"Nilikuwa nasema, hivyo viti usiinue. Daktari si alikuambia? Mpaka miezi mitatu iishe. Gibson atabeba. Umetapika tena leo?"

Ndizi ikakataa kushuka. Nikasema "Ehe."

"Pole, mama mtoto. Itapita. Na mama usimwambie kwanza, utampandisha presha bure. Tungoje skani."

Kisha akaniambia neno jingine ambalo sitaliandika hata hapa. Akakata.

Nimefikiria na nimeelewa ilivyokuwa. Eric alituonya kwamba simu huuliza unataka kupiga kwa namba gani, yako au ya viti. Linet alimpigia mumewe kwa namba ya viti bila kuangalia. Mtandao ukakata. Oketch akairudia namba aliyoiona, ikalia kwetu wote watatu, na mimi na ndizi zangu nikawa wa kwanza.

Ee Mungu wangu. Kwetu kuna chinsoni. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani machoni, hawasemi mambo ya chumbani hata kwa mafumbo. Na Oketch ni mtu wa Homa Bay, kwao ni hivyo hivyo, labda kuliko sisi. Tangu amuoe Linet hajawahi kunipa mkono. Hunisalimia akitazama viatu vyake. Nikiingia sebuleni anasimama na kutafuta kazi ya kufanya nje. Leo ameniita mpenzi.

Akijua ni mimi, hatakanyaga ua huu tena.

Lakini Linet ana mimba! Nimeiandika ili niione. Linet wangu ana mimba.

Mbili za kwanza zilitoka. Zote kabla ya mwezi wa tatu kuisha. Ya pili alikaa kwetu wiki nzima akitazama ukuta, na watu wakija kumpa pole anajifanya amelala. Ndiyo sababu wananyamaza sasa. Ninaelewa. Si kwamba hanipendi.

Nimelia kidogo, nikacheka, nikalia tena. Hapa stooni.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Siwezi kumwambia Linet nimejua. Atauliza nimejuaje. Na hata bila aibu ya Oketch, hiyo habari ni yake. Mtu asimnyang'anye.

Lakini anainua viti! Mteja wa mjini akipiga, Linet anapokea, anafungua stoo yake, anahesabu, anashusha, anapanga. Namjua. Hawezi kukaa akiona mwingine anabeba. Amefanana na mimi hata huko.

Nimepata njia. Nitapokea mimi. Kila simu, mlio wa kwanza. Simu isipomfikia, kazi haitamfikia. Nitaandika agizo, nitamtuma Gibson moja kwa moja kwenye stoo ya Nyanchwa na ufunguo wa pili, na Linet atabaki ameketi.

Baba Linet ameniuliza mbona naimba nikiosha sufuria. Nikamwambia sufuria ni safi.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Simu iko kifuani mwangu, nimeifunga na leso. Nimeenda nayo mtoni, nimeenda nayo chooni. Hakuna iliyonipita. Gibson ameniambia, "Shemeji, simu yangu inalia nusu halafu inakufa. Itakuwa imeingia maji?" Nikamwambia labda.

Jua linazama, namba inalala mpaka kesho jioni. Sabato hatuuzi. Nimeshukuru, kidole kinauma.

Kesho Linet na Oketch wanakuja kula.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Sabato. Wamekuja baada ya kanisa.

Oketch akasema Sabato njema, Mama, akitazama viatu. Na mimi nikatazama viatu vyake pia. Vilikuwa safi sana. Nikajibu kwa kichwa tu, nisitoe sauti, maana niliogopa nikisema neno moja ataitambua ile "Ehe." Sijamwambia neno mchana wote. Baba Linet alidhani nina koo.

Wanaume walikula sebuleni, sisi jikoni kama kawaida. Linet hakugusa samaki. Alikula ndizi na mboga za chinsaga na akaniomba ndimu. Ndimu! Nikageuka dirishani ili asione uso wangu. Amenenepa kidogo hapa shingoni. Anang'aa.

Nilikuwa nimejipanga. Mtungi wa maji niliujaza mapema asije akaenda kuchota. Kiti chenye mto nilimwekea yeye. Lakini nikageuka tu, nikamkuta ameshika sufuria kubwa ya matanga, ile ya kupikia watu wote, anataka kuishusha kutoka rafuni. Nikapiga kelele, "Weka chini!"

Wakasikia hadi sebuleni.

Nikasema sufuria hiyo imetoboka. Baba Linet akaja, akaichukua, akaigeuza, akaitazama chini kwa muda mrefu, akaiinua kwenye mwanga. Akasema haoni tundu. Nikasema ni dogo.

Linet alinitazama sana. Sijui alifikiria nini.

Wameondoka salama. Mvua ilingoja mpaka wakafika, amenitumia ujumbe.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nimepokea zote. Muuguzi amenipima, presha iko juu kidogo. Ameniuliza kama kuna jambo linanisumbua. Nikasema ni furaha. Akaandika kitu.

Jumatano, 20 Agosti 2025

Leo ni siku mbaya.

Linet amekuja bila kusema anakuja. Nilimwona akishuka getini akiwa amekunja uso, na moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwenye tumbo lake. Nikafikiri, imetoka. Lakini haikuwa hivyo. Alikuja kugombana.

Kuna mtu anaitwa Jeconia, ndiye hupangia watu wa ofisi mikutano pale mjini. Ni mteja wa Linet tangu mwanzo. Jana alipiga akasema nataka kama kawaida. Mimi nikapokea. Nikasema sawa. Sikujua kawaida yake ni nini, na niliona aibu kuuliza. Nikamtuma Gibson na viti vitupu. Kumbe kawaida ni vitambaa vyeupe na meza ya mbele. Leo asubuhi wakubwa wake wamefika wakakuta viti vyenye namba yetu mgongoni kama vya matanga. Amempigia Linet kwa simu yake mwenyewe akamwambia maneno makali.

Linet aliniuliza kwa nini simu zote zinafia kwangu. Wateja aliowatafuta kwa miguu, akizunguka ofisi hadi ofisi, sasa wanamwambia siku hizi tunaongea na mama yako. Na Gibson anaingia stoo yake na ufunguo, anachukua vitu, yeye anaambiwa baadaye.

Nikasema nilitaka apumzike.

"Nani amekuambia nimechoka?"

Jibu lilikuwa limekaa hapa kwenye ulimi na halitoki. Nikasema nimeona tu anaonekana... Akasema,

"Mama, kama hunitaki kwa hii kazi niambie. Usinitoe polepole kama mtu anatoa mgeni."

Mimi! Nimtoe Linet!

Akachukua simu yake, akabonyeza bonyeza, akatoa ile namba. Akaniambia basi kaa nayo yote. Akatoka. Na akasimamisha bodaboda. Kwa barabara hiyo yenye mashimo, mimba ya miezi miwili na kitu, juu ya bodaboda! Nikakimbia mpaka getini, nikafungua mdomo nimwambie asipande, na ningemwambia kwa sababu gani? Nikamwambia yule kijana aende polepole. Linet akamwambia, twende.

Nimekaa nikisikiliza mpaka sauti ya pikipiki ikaisha.

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Namba inalia kwa simu mbili tu. Leo nimeiacha ilie. Gibson amepokea zote na amewapa watu maua.

Nimemwambia Baba Linet. Nilishindwa. Tulikuwa tunachambua maharagwe, nikasema Linet ni mjamzito na mimi nimejua kwa njia mbaya. Akainua mkono haraka. Akasema yeye hajasikia. Baba hasikii mambo ya mimba ya binti yake, hayo ni ya wanawake. Akavaa kofia yake akaenda kutazama ng'ombe.

Alikaa huko muda mrefu, na ng'ombe ni mmoja.

Aliporudi alikaa chini akachukua maharagwe tena. Hakunitazama. Akasema kuna kisa amekikumbuka, ati mtu fulani alikuwa na kuku anayeatamia, na kwa kumpenda alikuwa akienda kumtazama kila saa, mpaka kuku akahama. Nikamuuliza mtu huyo ni nani. Akasema hamjui.

Halafu akaniuliza kama bodaboda wa jana ni kijana wa kuaminika. Kumbe alimwona.

Jumapili, 24 Agosti 2025

Siku tatu Linet hakupiga. Leo mchana simu ikalia, si namba ya viti, ni yeye mwenyewe kwa simu yangu. Nikapokea. Nikasikia tu anapumua. Nikaogopa vibaya.

Kisha akaniuliza polepole. "Mama. Ile Jumanne ya juzi, mchana. Kuna mtu alipiga namba ya viti?"

Nikasema watu wengi hupiga.

"Mtu akasema maneno."

Nikasema mimi nilikuwa nakula ndizi.

Halafu nikasikia kitu kama kikohozi, nikajua analia, kumbe ni kicheko. Linet alicheka mpaka akakosa pumzi, na mimi nikaanza, na tukaendelea hivyo, salio la simu linaisha na hakuna aliyesema neno.

Ameniambia ilivyotokea. Alikuwa anamwambia Oketch vile mama yake amemfukuza kwenye biashara. Oketch akamwambia labda ni vizuri, si nilikuambia usiinue viti. Linet akamuuliza uliniambia lini. Akasema kwa simu, ile Jumanne, ulipokatika. Linet akasema sisi hatukuongea tena siku hiyo. Basi Oketch akatoa simu yake akatafuta, akaona ni namba gani aliyoirudia.

Nikauliza yuko wapi sasa. Linet akasema amelala amejifunika blanketi mpaka kichwani, mchana huu. Anasema hatakuja Masimba tena mpaka afe, na hata akifa wamzike mbali.

Maskini. Nikamwambia Linet amwambie mimi sikusikia. Linet akasema, "Hukusikia nini?" Nikasema, chochote ambacho hakikusemwa.

Akaniomba nimwambie Eric amrudishe kwa namba. Na akasema Jumanne hatakuwa stooni, niwapokelee watu wake, na Jeconia akipiga niulize kila kitu, nisione haya. Nikasema sawa. Nikauliza, kama mtu anayeuliza tu, kwani Jumanne unaenda wapi.

"Kliniki. Nina mgongo."

"Pole na mgongo."

"Asante, Mama."

Hakusema. Na mimi sikusema. Tumebaki hivyo. Anangoja skani na sasa mimi pia nangoja, tumesimama mahali pamoja, hata kama kila mtu amegeukia kwake.

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Eric amemrudisha Linet akiwa huko huko Kisumu, bila kuja. Simu tatu tena. Aliniuliza ilikuwaje akatoka. Nikasema ilijitoa.

Sijala vizuri. Zile mimba mbili zilifikia hapa hapa, wiki kama hizi.

Jumanne, 26 Agosti 2025

Nimeamka mapema nikafagia ua, nikafagia barabara mpaka kwa jirani. Baba Linet ameniuliza kuna mgeni? Nikasema hapana. Akachukua ufagio mwingine.

Nimemaliza, nimeketi hapa mlangoni na simu kwenye paja. Linet na Oketch wametoka Nyanchwa asubuhi kwenda kliniki. Najua tu kwa sababu ya ule mgongo.

*

Amepiga! Si Linet. Oketch, ameipigia namba ya viti.

Nilitazama sana kabla ya kubonyeza. Nikajua ni makosa tena, nikafikiri nisipokee, Linet atapokea. Lakini iliendelea kulia. Linet hakuchukua. Nikabonyeza.

"Linet," akasema. Kwa sauti kubwa, kama mtu anayesoma matangazo kanisani. "Linet, tumefika salama. Foleni iko, lakini inasonga. Usiwe na wasiwasi. Umekunywa dawa yako ya presha?"

Linet hana presha.

Na nyuma yake nikasikia mtu anazuia kicheko, na ninakijua kicheko hicho, nilikibeba mgongoni. Linet yuko pale pale kando yake! Simu yake imelia mkononi mwake na ameiacha makusudi. Basi Oketch alikuwa anaongea na Linet gani?

Nikasema, "Ehe."

"Vizuri. Daktari akimaliza nitakupigia, Linet. Kwa namba hii hii."

Akakata.

Nimekaa nimefikiria. Mkwe hawezi kumpigia mama mkwe simu ya jambo kama hilo. Hawezi kabisa, ni aibu kwake na kwangu. Lakini namba hii si yangu. Ni ya viti. Oketch amepigia viti. Kama kuna mtu amesikia, amesikia tu.

Mtoto wa watu! Alitoka kwenye blanketi akafikiria jambo hilo mwenyewe, ili mimi nisikae hapa gizani nikitetemeka. Nimemwombea, yeye na mama yake aliyemzaa.

*

Imelia. Nikaruka. Ni Orpah, anauliza kama maua yanaweza kuwa ya zambarau. Nikamwambia yatakuwa rangi yoyote, mama, kwaheri.

*

Imelia. Jeconia. Nimemuuliza kila kitu, vitambaa, meza, saa, mlango wa kuingilia uko upande gani. Ameshangaa. Ameshukuru. Nilikuwa nataka akate.

*

Baba Linet amehamisha kiti chake kutoka kwenye kivuli. Ameketi karibu na mimi, anapangusa kiti kingine na kitambaa. Ni kile kile kimoja tangu aketi, namba iliyo mgongoni imeanza kufifia. Haulizi. Simu ikilia anaacha kupangusa. Nikisema "Viti vya Masimba, habari yako," anaendelea.

Foleni gani hii? Au wameingia na daktari amenyamaza, kama ile mara ya pili? Linet alisema ile mara ya pili daktari alinyamaza sana kabla ya kusema. Nisifikirie. Naandika ili nisifikirie.

Mawingu yamefunga upande wa Kisii. Huko tayari inanyesha.

*

Nimekumbuka Gibson!

Gibson yuko njiani anatoka Keroka na tenti, na namba inalia kwake pia! Oketch akipiga, Gibson akiwa wa kwanza, atasema nini? Oketch atasema "Linet" na kueleza yote, naye Gibson atampa maua. Habari ya mtoto wangu itaishia kwenye pikapu.

Nimempigia Gibson kwa simu yangu nimwambie leo asiguse namba ya viti. Hapokei. Nimepiga tena. Hapokei, anaendesha. Simu ya ndugu hapokei, lakini ya mteja ataikimbilia, namjua, anapenda sana kuitwa kampuni.

Baba Linet anasema nitulie, niweke kidole tayari. Hajasikia lolote, anasema, lakini niweke kidole tayari. Naandika kwa mkono mmoja.

*

Inalia. Ni Oketch. Gibson shemeji yangu, tafadhali, usigu—